Bi Breki Achagua Farasi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni, na leseni yenyewe hakuna askari aliyewahi kuthubutu kumwomba aionyeshe. Watu walimwita Bi Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria. Mguu wake uliizoea breki hiyo kiasi kwamba hata akiwa kwenye kochi sebuleni, televisheni ikionyesha magari yakifukuzana, ungeuona ukikanyaga zulia. Nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake, na hata waliokwishaota mvi bado walikaa wima kwenye viti vyao wakimwona kando ya barabara.

Farasi aliingia maishani mwake kupitia mwanafunzi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na mazizi ya kufugia na kukodisha farasi, na mwenye mazizi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye farasi akisimama kwa miguu miwili mbele yake hapepesi jicho. Lakini mweke nyuma ya usukani, mikono inamtetemeka kama mtu mwenye homa. Bi Breki alimchukua taratibu, akamfundisha kwenye uwanja mtupu, kisha uchochoroni, kisha barabara kuu yenyewe. Siku alipofaulu mtihani, mwenye mazizi alimshika mkono akasema, "Mwalimu, sasa ni zamu yangu. Njoo nikupandishe."

Alikwenda kwa utani. Akarudi nyumbani mapaja yanamuuma hata kuketi ilikuwa kazi, na asubuhi iliyofuata akajikuta anatafuta kisingizio cha kwenda tena. Hakuhitaji kisingizio. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena, na kila Jumapili alikuwa juu ya mgongo wa farasi mmoja mzee wa mazizi, anayepandwa na kila mtu na asiyemjali yeyote kati yao. Farasi huyo alimfundisha kuketi, kushika hatamu bila kuvuta, na kwenda matiti, ule mwendo wa farasi ulio kati ya kutembea na kukimbia, bila kurukaruka kama gunia. Alipokwisha kujifunza yote hayo, akaanza kumwonea wivu kila aliyempanda baada yake.

"Nataka wangu," alimwambia mumewe wakiwa mezani.

Mumewe alikuwa fundi wa nguo, mtu mpole anayepima maneno kama anavyopima kitambaa. Aliweka kijiko chini. "Wenzetu wakifika umri huu wananunua kiti cha kuegemea."

"Kiti hakitanijua nikiingia chumbani."

"Na lile gari jipya la kufundishia?"

"La zamani bado linadunda."

Fundi alitafuna, akafikiri. "Utamlaza wapi? Mimi kwenye duka langu hapana."

"Nimekwishapata nafasi mazizini."

"Ah," alisema mumewe, akarudia chakula chake. "Kumbe huniombi ruhusa, unanipa taarifa." Lakini alikuwa anatabasamu, kwa maana miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumwona mkewe akitaka kitu kwa sababu tu anakitaka.

Mwenye mazizi alipopewa habari hakushangaa. Alimwambia mambo machache tu: rangi isimdanganye, asifunge biashara siku ya kwanza, na mwenye farasi ampande yeye kwanza huku mnunuzi akitazama. Bi Breki alicheka mpaka akafuta machozi. Maneno hayohayo aliyamwaga kila wiki kwa vijana waliotaka kununua gari lililokwishatumika.

Na bado, alipomwona yule farasi mweusi, yote yalimtoka kichwani.

Farasi huyo alikuwa kwenye nyumba kubwa yenye kokoto zilizosambazwa vizuri uani, na Bi Breki alifika pale pamoja na mwenye mazizi. Muuzaji alikuwa bwana mwenye shati lililopigwa pasi likasimama, na mdomo usiopumzika. Farasi alikuwa amekwishatandikwa, amefungwa kwenye nguzo anangoja, mweusi wa kung'aa kama mafuta yaliyomwagika, na singa ndefu zilizoanguka upande mmoja wa shingo. Bwana yule alieleza ukoo wa farasi mpaka kwa mababu. Bi Breki hakusikia hata nusu. Alipanda, akazunguka uwanja, na farasi akamchukua kwa mwendo laini hata akahisi ardhi imeondolewa chini yao. Aliposhuka uso ulikuwa umemwiva. Akafungua kinywa aseme, "Ninamchukua."

Mwenye mazizi akamkanyaga mguu.

"Tutafikiri," alisema mwenye mazizi kwa niaba yake, akamwongoza getini.

Ndani ya gari Bi Breki alikuwa amefura. "Umenikanyaga mbele ya watu."

"Breki," alisema mwenzake, na macho yake hayakuondoka barabarani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, na mwalimu wake alikuwa pembeni.

Bi Breki alijizuia kucheka, akashindwa. Walipotulia, mwenye mazizi akaeleza. "Hukumpapasa chini ya tandiko. Mimi nilimpapasa. Ana jasho lililokauka mpaka mbavuni. Yule amezungushwa tangu alfajiri ili ukifika awe hana nguvu za kukataa. Rudi kesho bila kupiga simu. Kama ni mzuri leo, kesho hatakuwa mbaya."

Akarudi, peke yake, mapema. Mlinzi alimfungulia akidhani ana miadi. Farasi mweusi alikuwa ndani ya banda lake akiyumbisha kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila kukoma, masikio yamelala nyuma, na sehemu ya mlango wa mbao ameitafuna mpaka imebonyea. Mtumishi aliyekwenda kumtoa aliingia ametanguliza fimbo ya fagio. Muuzaji alitoka nje na kandambili, safari hii bila hotuba.

"Naomba umtandike, umpande wewe kwanza," Bi Breki alimwambia.

Bwana yule akashika kiuno. Mgongo wake, alisema, ulikuwa umemshika tangu juzi.

"Basi pole sana na mgongo," alisema Bi Breki. Kabla ya kuondoka alikwenda karibu na lile banda, akasimama kidogo mbali na meno. Hakumchukia farasi. Alimwona ni mnyama aliyekaa peke yake muda mrefu mno katika chumba kidogo mno, na aliyehitaji mtu anayejua mengi kuliko alivyojua yeye. Hilo alilikubali bila aibu. Miaka yote alikuwa anawaambia wanafunzi wake kwamba dereva hodari ni yule anayejua barabara asiyoiweza bado. Lakini siku ile mumewe alimpa chakula akakisukumasukuma tu sahanini. Moyo ulikuwa umekwishakwenda, na kuurudisha kulichukua muda.

Habari za farasi wa pili zilitoka kwa daktari wa mifugo aliyehudumia mazizi. Alisema kuna mjane mmoja, upande wa vilimani, ana farasi jike mtulivu, lakini amekwishawafukuza wanunuzi kadhaa. Kwa nini anawafukuza? Daktari aliinua mabega. "Hajawapenda."

Marehemu mume wa mama huyo alikuwa mkaguzi wa bomba la maji linaloshuka kutoka milimani kwenda mjini. Pale gari lisipofika, alifika yeye na farasi wake. Sasa mzee hayupo, na mjane mwenyewe hajawahi kupanda farasi hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kulisha, kunywesha na kusafisha.

Farasi huyo ukimtazama baada ya yule mweusi ungeona kama umetoka sherehe ukaingia jikoni. Alikuwa wa rangi ya majivu yenye madoadoa, tumbo pana, mdomo wa chini unaning'inia kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Bi Breki, aliyekuja na mwenye mazizi, alimwendea. Mjane, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, akamzuia kwa mkono.

"Kabla hujamkagua yeye, nitakukagua wewe," alisema, akampa ufagio na koleo. "Safisha banda."

Mwenye mazizi aligeuka upande asionekane akicheka. Bi Breki, ambaye alikuwa amewafelisha watu wazima bila kupepesa macho, alijikuta yeye ndiye anayetahiniwa. Akakunja mikono ya blauzi, akaingia. Mjane aligeuza ndoo, akaikalia mlangoni, na maswali yakaanza huku koleo likifanya kazi.

"Ukiugua, nani atamlisha?"

"Huyu hapa," alisema Bi Breki akimwonyesha mwenye mazizi. "Na mume wangu atafundishwa, apende asipende."

"Unamtaka wa nini? Wa kupigia picha?"

"Wa kwenda naye mahali asubuhi, kabla watu hawajaanza kunipigia kelele za gia."

"Na akizeeka, asiweze kubeba mtu?"

Bi Breki alisimamisha koleo. Hakutaka kusema uongo wa adabu. "Sijafika huko kwa mawazo, mama. Niambie wewe ungependa awe wapi."

Mjane aliinuka kwenye ndoo. Alimtazama, akatazama kona za banda kama zimesafishwa au zimerukwa. Hazikurukwa. "Mtandike," alisema.

Kwa kuwa mjane hapandi, mwenye mazizi ndiye aliyempanda kwanza, akaenda naye matiti hadi mwisho wa uzio na kurudi. Kisha ikawa zamu ya Bi Breki, na mjane akasema wafuate njia ya bomba. Walikwenda vizuri mpaka penye kifuniko cha chuma cha valvu ya kwanza, kilango cha kufungulia na kufungia maji. Pale farasi akasimama. Bi Breki akamgusa mbavu kwa visigino. Farasi kama nguzo.

"Mkaidi," alisema mwenye mazizi kutoka nyuma.

"Si ukaidi," mjane alipaza sauti. "Inama, utazame chini. Mwache aone umetazama."

Bi Breki akainama juu ya shingo yenye joto, akakitazama kifuniko kwa makini kama kweli anajua valvu ni nini, akajiinua. Farasi akashusha pumzi, akaendelea mwenyewe hadi kwenye kifuniko kilichofuata. Hivyo ndivyo walivyolikagua bomba asubuhi ile. Bi Breki hakuhisi ardhi imeondolewa chini yake. Alihisi tu ameketi mahali pake, na aliporudi uani hakuwa na haraka ya kushuka wala ya kusema.

Safari hii alisubiri, akarudi na daktari pamoja na mwenye mazizi. Daktari alipapasa miguu yote, akainua kwato, akasikiliza moyo kabla na baada ya mbio, akafungua kinywa akatazama meno. Mwisho akaomba farasi aingizwe bandani penye giza, akamulika macho kwa kurunzi ndogo. La kulia lilimchukua kitambo kidogo. La kushoto akakawia nalo. Bi Breki aliona mabega ya daktari yamebadilika.

"Hapa kuna mtoto wa jicho," alisema daktari. "Na kovu dogo pembeni. Aliumia zamani, pengine mwiba. Anaona vivuli tu upande huu, na siku moja hivyo vivuli navyo vitazimika."

Mjane alishika nguzo ya mlango. "Mume wangu alikuwa akimwendea kwa upande wa kulia siku zote. Nilidhani ni mazoea yake." Akafungua kamba ya farasi kama mtu anayefunga duka. "Basi, mwanangu, biashara imekwisha. Sikujua. Lakini sasa najua, na siwezi kukupa mnyama mwenye kasoro."

Mwenye mazizi akamvuta Bi Breki kando. Alisema kwa sauti ya chini, bila mzaha wowote, kwamba farasi wa kwanza awe mzima, kwamba matatizo yatakuja yenyewe bila kununuliwa, kwamba farasi wengine wapo. Yote yalikuwa kweli, na Bi Breki aliyasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia daktari.

"Anaumwa?"

"Hana maumivu."

"Na lile jicho jingine litafuata?"

"Ingekuwa ni ule ugonjwa unaoshika macho yote mawili, ningekuambia uondoke sasa hivi. Hili ni jeraha. La kulia ni safi."

"Kazi yangu ataiweza?"

"Kutembea, kwenda matiti, mbio fupi, ataweza miaka mingi tu. Kuruka vizuizi usimwombe. Na anayempanda asiwe mtu msahaulifu."

Bi Breki alifikiri, akamwomba mjane achukue ndoo ya bati na kipande cha mti. Akapanda. "Nikipita hapo, ipige upande wa kushoto. Ipige kwelikweli."

"Utaanguka," alisema mwenye mazizi.

"Afadhali nianguke kabla ya kununua."

Ndoo ikalia. Farasi akaruka kando, mguu mmoja wa Bi Breki ukachomoka kwenye kikuku cha tandiko, na kwa muda mrefu usiopendeza akaning'inia kwenye singa akiona majani yanamkaribia usoni. Hakuanguka. Alijivuta, akaketi, na bila kufikiri sauti yake ya kazini ikamtoka, ile ya chini, iliyonyooka, ambayo imewatuliza watu kwenye makutano yenye malori. "Ni ndoo tu. Nipo. Twende taratibu, ni ndoo tu." Wakazunguka. Ndoo ikalia tena. Farasi akakaza shingo, akageuza sikio la kushoto kumtafuta aliye mgongoni, akapita.

Akashuka, akampapasa farasi shingo. "Namtaka huyu," alisema.

"Una uhakika?" aliuliza mwenye mazizi.

"Yule mweusi nilimpenda, sikumjua. Huyu najua anakosa nini, na najua nitamsaidiaje. Nimefundisha watu wenye macho mawili wasiotazama hata kwa moja."

Mjane alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Bei haikuwapa shida, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumzidi mwenziwe.

Siku ya kumchukua, lori lilikuja, na fundi wa nguo akaja nalo, amevaa viatu vyake vizuri na kukumbatia blanketi la farasi alilolishona mwenyewe kwa kitambaa kizito, na mishono miwili kila ukingo. Farasi alilitazama lori kwa jicho lake zima. Alinusa ubao wa kupandia, akaugusa kwa kwato, akasikia ulivyo mtupu kwa chini, akarudi nyuma. Wakambembeleza kwa shayiri. Akala shayiri, akabaki chini. Wakamzungusha, wakamsukuma, wakamwimbia. Dereva wa lori akaanza kutazama jua.

"Nenda zako, ahsante," Bi Breki alimwambia. "Tutatembea."

"Mpaka mjini?" aliuliza mumewe, akitazama viatu vyake.

"Mpaka mazizini. Wewe kaa upande wa kushoto, asiouona. Ongea, ili ajue kuna mtu."

"Nitaongea nini na farasi?"

"Chochote. Mweleze suruali."

Na kweli, njia nzima ile fundi alimweleza farasi suruali: jinsi ya kupima kiuno cha mtu anayejivuta tumbo ndani, kwa nini pindo lisikatwe kabla kitambaa hakijafuliwa, mifuko ya nyuma inavyomshinda fundi mvivu. Farasi alitega sikio. Mjane alifuatana nao hadi njia panda. Hapo akatoa mfukoni brashi ya zamani, manyoya yake yameliwa upande mmoja, akampa Bi Breki, akamshika farasi pua, akageuka akaenda zake kwa buti zake za mpira. Hawakumwita. Aliitaka njia ile peke yake.

Barabara kuu ndiyo Bi Breki aliyokuwa akiihofia kimoyomoyo. Lakini lori la kokoto lililowajia kwanza lilipunguza mwendo mbali kabisa, na dereva akatoa mkono dirishani kuwazuia walio nyuma yake. Kisha basi. Kisha teksi mbili, pikipiki, na gari dogo la mtu ambaye Bi Breki alikumbuka kumrudisha darasani kwa kosa la kupita bila kuacha nafasi. Sasa aliacha nafasi ya kupita nyumba. Hakuna aliyepiga honi. "Wananiogopa mimi au farasi?" alimuuliza mumewe.

"Farasi hawamjui," alisema fundi, akarudi kwenye habari ya mifuko.

Walifika jua limeanza kupoa. Fundi alivua viatu mlangoni mwa banda akakaa juu ya nyasi kavu, soksi zimetoboka, na farasi akanywa maji ndoo nzima bila kuinua kichwa.

Wiki za mwanzo hazikuwa nyepesi. Farasi alikula kidogo, akapiga ukuta teke, akawa analia kila gari likipita kana kwamba linatoka vilimani. Bi Breki alikuja kabla ya mwanafunzi wake wa kwanza na baada ya wa mwisho, akampiga brashi, akasema naye, akamzungusha. Alianguka mara moja, kwenye matope, kwa kosa lake mwenyewe, akapanda tena akiwa na nusu ya uwanja mgongoni. Kidogokidogo farasi akaacha kulia. Siku moja alipofungua geti, kichwa cha majivu kilitokeza nje ya banda kabla hajasema neno, mdomo wa chini unaning'inia, na Bi Breki akasimama palepale na ndoo mkononi, akiwa mwanamke mzima asiyejua afanye nini na furaha yake.

Mjane alikuja baada ya mavuno. Alikagua kona za banda, akainua kwato moja moja, akanusa maji. Hakupata la kulaumu. Wakasimama ukingoni mwa uwanja, na Bi Breki akamuuliza kama kawaida tu, "Mama, kwa nini wewe hukuwahi kumpanda?"

"Nani angenipandisha? Mzee alikuwa na haraka ya bomba."

Bi Breki akaleta ngazi fupi ya mbao. Mjane akasema ana umri, ana magoti, ana mengi, na huku anasema akawa anapanda ngazi. Mwenye mazizi alimshika upande mmoja. Alipoketi kwenye tandiko alizishika singa kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

"Fumbua macho," alisema mwalimu. "Tazama mbele unakokwenda, usitazame chini. Nyoosha mgongo. Pumua."

Wakazunguka uwanja mara moja, polepole, Bi Breki akiongoza kwa kamba. Waliporudi kwenye ngazi mjane alikuwa amefumbua macho, ameketi wima, kitambaa chake cha kichwa kimeteleza hadi begani.

"Utashuka sasa?" aliuliza Bi Breki.

"Nishuke niende wapi?" alisema mjane. "Zungusha tena."